Gari Tunalijua, Mtu Hatumjui

Ndugu msomaji, ukisafiri kwa barabara kutoka Kahama kwenda mpakani Rusumo, utapita Nyakanazi, wilayani Biharamulo, mahali ambapo njia ya Kibondo na Kigoma inachepuka. Mbele yake, Lusahunga, njia ya Biharamulo mjini na Bukoba nayo itakuaga, nawe utaanza kupanda na kushuka vilima vya Ngara. Mchana na usiku malori hayakatiki katika njia hiyo. Yanapeleka shehena Rwanda na Burundi, yanarudi, na madereva wake hujuana kwa honi kabla hawajaonana kwa sura.

Mimi nilipita njia hiyo nikiwa na bahasha mfukoni. Ndani ya bahasha mlikuwamo picha moja ya rangi nyeusi na nyeupe, ukubwa wa kiganja, iliyokunjika pembeni. Katika picha hiyo watu wawili wamesimama mbele ya lori. Mmoja ni kijana mwembamba wa miaka ipatayo ishirini, kaptura yake imejaa oili. Huyo ni marehemu baba yangu. Wa pili ni mtu wa makamo, mwenye kofia, aliyemwekea kijana huyo mkono begani kama mzazi anavyomwekea mwanawe. Nyuma ya picha mtu ameandika kwa wino namba ya gari na neno moja tu: Ngara.

Baba alianza maisha ya kazi akiwa utingo wa lori. Alikuwa akituambia kwamba yule mwenye kofia ndiye aliyemfundisha kazi, akamfundisha gia na breki, akamfundisha na adabu ya barabara. Na kwamba lau si yeye, asingekuwa dereva, na sisi wanawe tusingepata ada ya shule. Jina la mtu huyo alilitaja mara nyingi. Nasi hatukulishika. Kila mmoja wetu alidhani kwamba mwenzake amelishika, au kwamba siku moja tutamwuliza tena. Mauti hayangoji swali la pili. Baba alipofariki tulibaki na picha, na katika picha hiyo mtu aliyetuinua sote akabaki hana jina.

Nilikuwa nimedokezwa kwamba katika mji mdogo wa Benaco, wilayani Ngara, wako wazee ambao hukutana Jumapili alasiri kutazama picha za magari ya zamani, hasa magari ya Kiitaliano. Nikasema moyoni: kama yuko mtu wa kunisaidia, basi atakuwa huko.

MASHARUBU YA CHUMA

Nilikuta watu watano barazani. Mwenye nyumba ni dereva mstaafu. Pembeni yake aliketi fundi mzee wa gereji ambaye macho yamepungua lakini vidole havijasahau. Walikuwapo wazee wengine wawili waliowahi kuendesha malori, na kijana mmoja mwalimu wa sekondari, ambaye hakuwa amezaliwa wakati magari hayo yanatamba, ila ameyapenda kwa kuyaona pichani. Hawana katiba wala mwenyekiti. Wana kopo la biskuti lililojaa picha, kalenda kuukuu za makampuni, na vipande vya magazeti vilivyokatwa kwa mkasi. Yeyote aliye na picha huileta. Asiyekuwa nayo huleta kumbukumbu.

Niliiweka picha yangu juu ya jamvi. Kabla sijafungua kinywa kueleza shida yangu, fundi aliisogeza karibu na macho akacheka. Lori lile lilikuwa Fiat 682 N3, alisema, wala halihitaji mjadala. Alinionyesha pua yake butu, kioo cha mbele kilichogawanyika, na yale mapambo ya chuma yaliyotanda usoni mfano wa masharubu ya mtu mzima. Mwenzake akaongeza kwamba taa ya kushoto si yake. Imetolewa katika gari jingine. Wa tatu akatazama matairi. Kwa muda wa nusu saa walilisoma lori lile kama watu wanaosoma barua kutoka kwa ndugu.

Yafaa nikueleze, msomaji, kwa nini lori hilo linapendwa kiasi hicho. Kiwanda cha Fiat, kilichoanzishwa mjini Torino mwaka 1899, kilianza kuunda malori ya jamii ya 682 mwaka 1952. Injini yake ilikuwa ya dizeli, silinda sita, lita 10 na ushei. Haikuwa na haraka, lakini haikujua kukata tamaa. Katika nchi nyingi za Afrika, hususan za magharibi na kaskazini, lori hilo lilipewa sifa ya mfalme wa Afrika, na hata baada ya Ulaya kuhamia kwenye malori mapya, kiwanda kiliendelea kuliunda kwa ajili ya bara letu hadi mwaka 1988. Jambo jingine lililowafurahisha madereva wetu ni usukani. Waitaliano, ingawa wanaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa miaka mingi malori yao makubwa waliyawekea usukani kulia, ili dereva katika njia za milimani aone vizuri ukingo wa barabara na genge lililo chini yake. Kwetu sisi tunaoendesha kushoto, usukani huo ulikuwa mahali pake hasa.

Tanzania ililifahamu lori la Fiat zaidi baada ya tarehe 11 Novemba 1965, siku ambayo utawala wa walowezi wa Rhodesia ulijitangazia uhuru wake. Zambia, iliyokuwa ikipitisha mizigo yake kusini, ilihitaji njia nyingine ya kufika baharini. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia, zikishirikiana na kampuni ya Intersomer ya Italia, ziliunda kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services. Malori ya Fiat yenye matela yakawa yanabeba shaba kuileta Dar es Salaam, yakirudi na bidhaa na mafuta, katika barabara ya vumbi na tope ambayo wageni waliiita njia ya jehanamu. Mwenye nyumba yetu alijifunza kazi katika njia hiyo. Kisha, kama madereva wengi, akafuata mizigo ilikokwenda, hata akafika huku Ngara, akaoa, akajenga.

NDUGU WA NYUMBA MOJA

Mwalimu kijana alikuwa akisubiri zamu yake. Alitoa bahasha yake, na humo mlikuwa na magari ya namna nyingine kabisa: mafupi, yamelala chini kama simba anayenyemelea, yana rangi za kumeremeta zilizofunikwa na tope. Hayo ni magari ya mbio. Nilidhani baraza litagawanyika, wazee na malori yao, kijana na magari yake. La hasha. Walisogea wote wakatazama kwa hamu ile ile.

Sababu yake ni kwamba lori la Ngara na gari la mashindano ni ndugu wa nyumba moja. Vincenzo Lancia alikuwa dereva wa mbio wa Fiat kabla ya kufungua kiwanda chake mwenyewe mjini Torino mwaka 1906. Mwaka 1969 Fiat ilikinunua kiwanda hicho, na mwaka huo huo ikanunua nusu ya kiwanda cha Ferrari. Mwaka 1975 matawi ya malori ya Fiat, Lancia na OM ya Brescia yaliunganishwa na viwanda vingine vya Ulaya, ikazaliwa Iveco, jina ambalo kila utingo wa leo analijua. Kwa hiyo mzee aliyeshika usukani wa Fiat anapoiona picha ya Lancia ya mashindano, humwona binamu wa gari lake aliyekwenda kucheza ngoma za mjini.

Na ngoma iliyowaleta mabinamu hao Afrika Mashariki ni mbio za Safari. Mbio hizo zilianza mwaka 1953, kuanzia tarehe 27 Mei hadi 1 Juni, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi zilifanyika wakati wa Pasaka, yaani wakati wa masika, hivyo tope lilikuwa mshindani kama washindani wengine. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari zaidi ya themanini yaliondoka, na ni saba tu yaliyofika mwisho. Mwaka 1973 mbio hizo ziliingizwa katika mashindano ya ubingwa wa dunia, na baada ya miaka hiyo ya mwanzo ya 1970 zilibaki ndani ya Kenya peke yake. Wazee wetu walizifuata kwa redio, wakihesabu nani ameanguka na nani bado yumo.

Waitaliano walizitamani Safari kwa muda mrefu, nazo ziliwatesa. Mwaka 1974 Sandro Munari alishika nafasi ya tatu kwa gari la Lancia Fulvia. Mwaka 1975 alirudi na Lancia Stratos, na picha ya gari hilo ndiyo iliyopita mikononi mwa watu wengi zaidi siku ile. Stratos ni gari fupi lenye umbo la kabari, limechorwa katika karakana ya Bertone, na mgongoni limebeba injini ya Ferrari Dino ya silinda sita. Liliipa Lancia ubingwa wa dunia miaka mitatu mfululizo, 1974, 1975 na 1976. Lakini katika Safari ya mwaka 1975 Munari alimaliza wa pili, na mwenzake Björn Waldegård, naye akiwa katika Stratos, akawa wa tatu. Aliyeshinda ni Ove Andersson katika Peugeot 504, gari ambalo wakati ule ungeweza kulipanda kama teksi. Wazee hufurahi sana wanapoifikia habari hiyo. Mwenda pole, walisema, hajikwai.

Munari akawa wa tatu tena mwaka 1977. Mwaka 1979 Markku Alén akawa wa tatu kwa Fiat 131, na mwaka 1986 akawa wa tatu kwa Lancia 037. Ilipofika mwaka 1988 ndipo Miki Biasion na msoma ramani wake Tiziano Siviero, katika Lancia Delta Integrale, walipoipatia Lancia ushindi wake wa kwanza wa Safari. Biasion akashinda tena mwaka 1989, na Juha Kankkunen akaipatia Lancia ushindi mwingine mwaka 1991. Mwalimu aliyajua hayo yote bila kutazama popote. Alijua aina ya matairi, rangi za wafadhili, na kwamba katika Safari ya mwaka 1975 aliyemsomea Munari ramani alikuwa Lofty Drews, mwenyeji wa Kenya.

Katika mojawapo ya picha hizo gari la mbio limekwama. Maji yamefika milangoni. Nyuma yake wanaume sita na mvulana mmoja wamezama magotini, wanasukuma, mishipa imewatoka shingoni. Nilimwuliza mwalimu kama anajua hao ni nani. Akaitazama picha kama mtu anayeitazama kwa mara ya kwanza. Kisha akatikisa kichwa.

JINA LA BENACO

Hapa naomba nitoke barazani kidogo, nikueleze habari ya mji wenyewe tuliokuwa tumekaa, maana unahusika.

Watu wengi husikia jina la Benaco wakadhani ni neno la Kihangaza au la Kishubi. Sivyo. Jina hilo liliachwa na kampuni ya ujenzi ya Kiitaliano iliyokuwa na kambi yake mahali hapo wakati wa ujenzi wa barabara. Na kwa Waitaliano, Benaco ni jina la kale la Ziwa Garda, ziwa kubwa kupita yote nchini mwao, lililopo kaskazini, karibu na mji wa Brescia. Hivyo mama anayeuza ndizi Benaco ya Ngara anataja kila siku, bila kujua, jina la ziwa lililo maelfu ya kilomita kutoka kwake.

Na Brescia, ndugu msomaji, ndio mji mtakatifu wa wapenzi wa mbio za magari ya Kiitaliano. Kutoka hapo ndipo zilipoanzia mbio za Mille Miglia, yaani maili elfu moja, kutoka Brescia hadi Roma na kurudi, umbali wa kilomita zipatazo 1,600, katika barabara za kawaida, watu wakiwa wamejipanga kando. Mbio za kwanza zilifanyika mwaka 1927, na washindi wake walitumia gari la OM, lililoundwa Brescia hapo hapo. Alfa Romeo, Lancia, Maserati na Ferrari zilijijengea jina katika mbio hizo.

Zilikwisha kwa msiba. Tarehe 12 Mei 1957, karibu na kijiji cha Guidizzolo, kusini mwa Ziwa Garda, tairi la Ferrari ya Alfonso de Portago, dereva wa Kihispania, lilipasuka. Gari likaruka kuwaendea watu. Alikufa yeye, alikufa msaidizi wake Edmund Nelson, na pamoja nao walikufa watazamaji tisa, watano kati yao wakiwa watoto. Mbio za Mille Miglia za namna ile hazikuendelea tena. Tangu mwaka 1977 magari ya kale ya aina zile zilizoshiriki hadi mwaka 1957 hukusanyika Brescia kupita njia hiyo kwa mwendo wa heshima, na wapenzi wake hutoka pande zote za dunia na kamera zao.

Niliposimulia habari hiyo barazani, mwalimu alisema kwamba alikwisha kuisoma. Akataja gari: Ferrari 335 S. Akataja dereva. Watoto watano wa Guidizzolo hakuweza kumtaja hata mmoja, nami vile vile sikuweza.

Mwenye nyumba alikaa kimya kidogo, kisha akatukumbusha kwamba hata hapa tulipokaa pana picha za namna hiyo. Mwishoni mwa mwezi Aprili 1994, kwa muda wa saa ishirini na nne hivi, watu zaidi ya laki mbili walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakikimbia, wakatua Benaco. Katika siku chache kilima kilichokuwa na nyasi kikawa mji mkubwa wa mahema. Waandishi na wapiga picha wakaja kutoka kila upande, mmoja wao akiwa Sebastião Salgado wa Brazili, ambaye picha zake za Benaco zimetundikwa katika kumbi za sanaa za dunia. Mzee alikuwapo na lori lake, akibeba maji na chakula. Sura katika picha zile, alisema, bado anaziona akifumba macho. Majina yao hakuyapata, kwani siku zile hapakuwa na nafasi ya kumwuliza mtu jina lake.

Baraza likatulia. Lori moja likapita barabarani likishusha gia.

KIKOMBE CHA CHAI

Hapo ndipo nilipouliza swali langu. Nikamwonyesha kila mmoja yule mwenye kofia aliyemwekea baba mkono begani. Fundi akamtazama, dereva mstaafu akamtazama, wenzao wakamtazama. Walijaribu kwa moyo safi. Mmoja aliitambua kona ya barabara nyuma ya lori. Alisema ni ule mteremko wa kwenda Rusumo, kabla haujatiwa lami. Mwingine, kwa kuangalia herufi za namba ya gari, alikisia mwaka wa kuandikishwa kwake. Lori walilijua, kona waliijua, hata taa ya kushoto waliijua ilikotoka. Mtu hawakumjua.

Nilianza kuirudisha picha bahashani. Wakati huo mke wa mwenye nyumba alikuwa ametuletea chai. Yeye hajihusishi na mambo ya magari. Alisema waziwazi kwamba yale makopo ya picha yanamjazia kabati tu. Aliinama kuweka kikombe mbele yangu, jicho lake likaangukia picha, akasimama hivyo hivyo na birika mkononi. Akaomba aishike.

Ujanani mwake, kabla hajaolewa, mama huyo alikuwa akimsaidia mama yake kupikia madereva kando ya barabara. Hakujua Fiat ni nini na Leyland ni nini. Alijua nani anakula bila pilipili, nani hukopa na kulipa, nani hukopa na kupotea. Yule mwenye kofia, alisema, alikuwa mtu wa kulipa. Tena alikuwa na desturi moja: hakuanza kula mpaka utingo wake ameletewa sahani, na sahani zote mbili ziwe sawa. Madereva wengine walimcheka kwa hilo.

Kisha akalitaja jina lake. Akalitaja na jina la baba yake, na kijiji alichotoka, upande wa Biharamulo.

Jina hilo sitaliandika hapa, ndugu msomaji, maana ni la kwao kabla halijawa la gazeti. Ila nililiandika. Niliomba kalamu ya risasi, nikaigeuza picha, na chini ya ile namba ya gari nikaandika majina mawili, la mtu yule na la baba yangu, na neno la mama yule juu ya zile sahani mbili. Mkono ulinitetemeka kidogo. Wazee walijifanya hawaoni, wakanywa chai.

TUFANYE NINI?

Sikuandika makala haya ili kuwacheka wapenzi wa magari ya zamani. Kinyume chake, nimejifunza kwao. Kupenda kitu kwa uangalifu namna ile, kulitambua lori kwa taa yake moja, ni aina ya heshima kwa kazi ya mikono ya watu. Bila wao, wala nisingejua kwamba picha ya baba ilipigwa katika mteremko wa Rusumo. Lakini gari lina kiwanda cha kulikumbuka, lina vitabu, lina namba iliyogongwa kwenye chuma. Mtu hana namba iliyogongwa. Anakumbukwa na wale waliokula naye, nao wanaondoka mmoja mmoja.

Basi leo ni Jumapili, na pengine nyumba nzima ipo. Fungua kabati, fungua sanduku la bibi, toa picha. Keti na mkubwa wa nyumba hiyo umwulize mambo matano: ni nani hawa, ni wapi hapa, ilikuwa lini, nani aliyepiga picha, na walikuwa wakifanya nini. Usimharakishe. Akisahau jina, muulize huyo mtu alipenda chakula gani au aliimba wimbo gani; mara nyingi jina hufuata nyuma ya mambo kama hayo. Wala usimwulize baba peke yake. Mwite na mama aliyekuwa akileta chai.

Andika majina nyuma ya picha kwa kalamu ya risasi laini, pembeni, bila kukandamiza, kwani wino hupenya na maandishi ya kukandamiza hutokeza upande wa sura. Usizibandike picha kwa gundi ndani ya albamu. Gundi huzitia manjano, na ukija kuzibandua utazichana. Zihifadhi katika bahasha za karatasi, mahali pakavu, mbali na jua na mbali na mchwa. Uishike picha kwa kingo zake, si kwa kuigusa uso. Ukiipiga picha hiyo kwa simu ili kuwapelekea ndugu walio mbali, ni vema, ila usiitupe ile ya asili, wala usisahau kupiga na upande wa nyuma wenye majina.

Barazani Benaco wazee walikwisha kuanza. Nilipoaga, mwalimu alikuwa amemwaga kopo zima la biskuti juu ya jamvi, na mke wa mwenye nyumba amekaa katikati yao, birika limewekwa kando, anaokota picha moja baada ya nyingine. Zile za magari matupu alizipitisha bila kuzitazama. Zile zenye watu alizisogeza karibu na mwanga. Na fundi mzee, yule mwenye macho yaliyopungua, alikuwa ameishika kalamu ya risasi, anangoja kuambiwa jina.